Kupiga mfumo upya kila wiki hakuiponyi kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie tabia iliyoota mizizi miongoni mwa wapenzi wa kompyuta, hasa vijana: kupiga mfumo endeshi upya (yaani kufuta na kusakinisha tena programu kuu inayoiendesha kompyuta) kila mashine inapokohoa, kisha kukesha wakichokonoa mipangilio mpaka iharibike, kisha kupiga tena. Leo Ubuntu, Ijumaa Fedora, wiki ijayo Arch (zote ni distro, yaani aina, za mfumo wa Linux), mwisho wa mwezi wamerudi Windows. Na mashine yenyewe ni ileile moja wanayoitegemea kwa masomo na kazi.

Sina ugomvi na anayejifunza. Aliyepiga Linux kwa mikono yake mara mbili tatu anaelewa patisheni (vigawanyo vya diski), EFI (utaratibu wa kuwasha kompyuta) na bootloda (programu inayouita mfumo uwake) kuliko aliyesoma tu. Ugomvi wangu ni na imani kwamba kupiga upya ni dawa. Mfumo endeshi umekaa katikati. Chini yake kuna vyuma: diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), feni, nyaya. Juu yake kuna folda ya mtumiaji, yenye mafaili na mipangilio yake yote. Ukipiga upya unabadilisha hicho cha katikati peke yake, na mara nyingi ugonjwa haupo hapo. Zaidi ya hayo unafuta ushahidi, kwa sababu logi (rekodi za matukio) zilizokuwa zieleze kilichotokea zimekwenda na fomati.

Nianze na diski, maana ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Diski ya kuzunguka inapoanza kuchoka, baadhi ya sekta zake (vipande vidogo vinavyohifadhi data) hazisomeki kwa mara ya kwanza. Diski hurudia kusoma tena na tena, sekunde baada ya sekunde, na muda huo wote kompyuta imeganda, mshale hausogei. Mwenye mashine anasema Windows imechoka. Anafomati, anapiga upya. Sasa, fomati ya haraka haikagui sekta hata moja. Inaandika jedwali jipya la mafaili, basi. Mafaili ya mfumo mpya yanaangukia sehemu nyingine ya diski, kompyuta inakwenda kama mpya, na mwenyewe anaamini amepatia. Wiki kadhaa baadaye data inafika tena pale penye ubovu, kuganda kunarudi, naye anafomati tena. Anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima, hadi siku diski inapokata kauli na kila kitu kilichokuwamo.

Kipimo hakichukui hata dakika mbili. Kwenye Linux weka paketi ya smartmontools, kisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) andika sudo smartctl -a /dev/sda, upate taarifa za afya ya diski ziitwazo SMART; sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi, na /dev/sda ni jina la diski. Kwenye Windows programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma taarifa zilezile. Tazama mistari mitatu na usome namba ya mwisho ya kila mstari. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa. Namba 197 ni sekta zinazosubiri, yaani diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua la kufanya. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama. Ikiwa 197 si sifuri, nakili mafaili yako leo na utafute diski nyingine. Ikiwa 199 ndiyo inayopanda huku 5 na 197 zikiwa sifuri, diski yako kwa dalili hizo ni nzima. Badilisha waya wa SATA (unaounganisha diski na ubao mama) kwanza. Diski za NVMe (aina ya SSD, yaani diski isiyozunguka) hazina namba hizo, ila amri ileile, ukiandika /dev/nvme0 mahali pa /dev/sda, itakuonyesha asilimia ya uhai iliyotumika na idadi ya makosa ya data, ambayo inapaswa kuwa sifuri.

RAM mbovu nayo ina alama yake. Usakinishaji ukikwama palepale kila mara, shuku flashi au faili la ISO (lenye kisakinishi). Linganisha sha256sum yake (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijaharibika) na ile iliyochapishwa na wenye mfumo. Ukikwama mahali tofauti kila unapojaribu, shuku RAM. Washa kompyuta kwa Memtest86+ kutoka kwenye flashi, uiache imalize mzunguko mmoja kamili, na bora zaidi ilale ikipima usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukupa jibu. Ukikuta kosa na una vipande viwili, pima kimoja kimoja.

Joto nalo hujificha nyuma ya mfumo mpya. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo ili isiungue, na ukishapiga upya inapoa kwa sababu bado huna programu nzito za kuisumbua. Endesha amri ya sensors wakati wa kazi, si wakati mashine imetulia, ikuonyeshe joto. Dawa yake ni kusafisha vumbi kwenye feni na kubadilisha pasta ya joto.

Halafu kuna RAM iliyo nzima lakini haitoshi. Andika free -h na utazame safu ya available, si ile ya free. Andika vmstat 1 uangalie safu za si na so wakati kompyuta inakwama. Zikiwa na namba kubwa mfululizo, mashine inahamisha kumbukumbu kwenda na kurudi kwenye diski. Hapo kuhama kutoka eneo-kazi (desktop) la GNOME kwenda lile jepesi la Xfce kutakuokolea megabaiti mia kadhaa, na vichupo vichache vizito vya kivinjari vitazila zote. Hakuna distro inayogeuza GB 4 kuwa 8.

Tupande juu sasa. Mtu anapiga Linux upya lakini anaibakiza patisheni ya /home asipoteze mafaili. Ni busara, ila mipangilio ya programu zake nayo imebaki humo, ndani ya .config, .local na nyinginezo. Kama eneo-kazi lilikuwa linaanguka kwa sababu ya kiendelezi kibovu, lina kila sababu ya kuanguka tena siku hiyohiyo. Kipimo chake ni chepesi: fungua akaunti mpya kwa sudo adduser majaribio, ingia nayo, fanya kazi dakika kumi. Tatizo likipotea, mfumo ni mzima na ubovu uko kwenye folda yako. Toka kwenye eneo-kazi, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwenye terminali kwa akaunti yako, andika mv ~/.config ~/.config.zamani, kisha ingia kama kawaida. Ikipona, rudisha folda nusu kwa nusu. Hata zikiwa 32, majaribio matano yanatosha kumkamata mwenye kosa.

Kuna hali moja inayowapigisha watu mfumo bure kabisa: unaandika nenosiri sahihi, skrini inazimika kidogo, unarudishwa palepale pa nenosiri. Chanzo mara nyingi ni kimoja kati ya viwili. Huenda diski imejaa. Amri ya df -h itaonyesha 100%, na ukiwa umewahi kuwa na mamilioni ya mafaili madogo angalia pia df -i. Au, kwa wanaotumia Xorg (mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha), faili la .Xauthority limegeuka mali ya root (msimamizi mkuu) kwa sababu programu ya madirisha iliwahi kufunguliwa kwa sudo. Amri ya ls -l ~/.Xauthority inakutajia mwenye faili, na sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority inalirudisha kwako. Aliyebakiza /home yake akapiga mfumo upya atakutana na ukuta uleule.

Mfano mwingine nataka niueleze taratibu, maana unawakumba hasa hawa wanaoweka mifumo miwili mitatu kwenye diski moja. Una distro ya Debian inayokwenda vizuri, yenye patisheni ya swap (sehemu ya diski ya kuisaidia RAM). Unaamua kujaribu distro nyingine kando yake. Kisakinishi kinaiona swap, kinaifomati upya bila kukuuliza sana, na kwa kufanya hivyo kinaipa UUID (namba ya utambulisho) mpya. Mfumo mpya unawaka vizuri. Ukirudi kwenye Debian, inasimama kwenye skrini nyeusi yenye maneno "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/" na saa inayohesabu hadi dakika 1 na sekunde 30. Hiyo ni systemd (programu inayowasha huduma za mfumo) inaisubiri swap ambayo jina lake halipo tena. Baada ya sekunde 90 inakata tamaa na kuendelea kuwaka. Wengi husema Debian imeharibika, wakaifuta.

Haijaharibika. Andika sudo blkid, nakili UUID mpya ya swap, fungua /etc/fstab (orodha ya patisheni za kutumia) na uibandike mahali pa ile ya zamani. Usiishie hapo: kwenye Debian na jamaa zake tazama pia /etc/initramfs-tools/conf.d/resume. Ikiwa UUID ya zamani imo, ibadilishe nayo, kisha endesha sudo update-initramfs -u. Ukisahau hatua hii ya pili, kuchelewa kutapungua lakini hakutakwisha, na utaanza kushuku kitu kingine kabisa.

Wanaochanganya Linux na Windows wana viwili vyao vya kudumu. Saa hutofautiana kila wanapohama, kwa kuwa Windows huandika saa za mahali ulipo kwenye saa ya ubao mama na Linux huandika UTC (saa ya dunia). Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inaleta suluhu. Na patisheni ya Windows hufunguka kwa kusomwa tu, kwa sababu Windows haikuzimika kikamilifu, imelala. Ndani ya Windows, kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /h off. Hakuna kati ya haya linalohitaji kupiga chochote.

Nije kwenye kuchokonoa. Mtu anapunguza vm.swappiness (kiwango cha Linux kupenda kutumia swap) kutoka 60, ambayo ndiyo chaguomsingi, kwenda 10, kwa kuwa ameambiwa inaongeza kasi. Kwenye mashine yenye RAM ya kutosha hataona tofauti. Kwenye yenye RAM haba amehamisha mzigo tu: kerneli (kiini cha mfumo) itatupa kashe (nakala zilizowekwa kwenye RAM) ya mafaili ambayo italazimika kuyasoma tena. Kwenye Windows wapo wanaozima pagefile (swap ya Windows), kisha programu zinafungwa kwa kukosa kumbukumbu wakati RAM inaonekana ina nafasi, kwa kuwa Windows huhesabu kumbukumbu iliyoahidiwa kwa programu, si ile iliyotumika peke yake. Wapo wanaoendesha skripti za kuipunguza Windows uzito, zikazima huduma kumi kwa mpigo, na miezi miwili baadaye masasisho yanakataa kwa namba ya kosa isiyoeleweka. Na programu za kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), Microsoft yenyewe imesema haiziungi mkono.

Kosa si kubadilisha. Kosa ni kubadilisha mambo sita usiku mmoja bila kuandika. Kabla ya kugusa faili lolote la /etc lipe nakala yenye tarehe, au weka etckeeper ambayo inahifadhi historia ya folda nzima kwa git. Badilisha kimoja, washa upya mara tatu, soma systemd-analyze (inayotaja muda wa kuwaka) kila mara, ulinganishe na vipimo vitatu vya kabla. Tofauti ikiwa ndogo kuliko ile iliyopo kati ya vipimo vyenyewe, hukupata kitu, rudisha. Anayetaka kujua kinachochelewesha kuwaka aendeshe systemd-analyze critical-chain. Orodha ya systemd-analyze blame peke yake hupotosha, kwa sababu huduma nyingi zinawaka sambamba.

Tufanye hesabu pia. Kupiga mfumo ni nusu saa, lakini kurudisha programu, draiva, printa, fonti na manenosiri kunaimeza siku. Tuseme saa 4 kwa mtu mzoefu. Hizo ni sekunde 14,400. Kama mfumo mpya unawaka sekunde 5 mapema, nawe unawasha mara moja kwa siku, utarejesha muda wako baada ya siku 2,880. Ni karibu miaka 8.

Mbona basi mfumo mpya unaonekana mwepesi? Kwa sababu ni mtupu. Hakuna programu zinazojiwasha zenyewe, kivinjari hakina viendelezi, diski ina nafasi. Ukirudisha yote uliyokuwa nayo, uzito unarudi nayo. Zima programu za kujiwasha kwenye Task Manager, punguza viendelezi, bakiza nafasi ya kutosha kwenye diski, utapata sehemu kubwa ya wepesi huo kwenye mfumo ulionao.

Wenye Windows yenye matatizo waanze na perfmon /rel. Inafungua jedwali la siku kwa siku lenye kila programu iliyoanguka na kila kilichosakinishwa, na mara nyingi tarehe tatizo lilipoanza inakaa kando ya sasisho au draiva fulani. Baada ya hapo DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, kwa mpangilio huo, kwa sababu sfc huchukua mafaili mazima kutoka kwenye hazina ambayo DISM imeitengeneza. Zikishindwa zote, fungua ISO ya toleo lilelile ndani ya Windows, endesha setup.exe na uchague kubakiza mafaili na programu.

Jambo linaloniuma zaidi ni vinavyopotea. Watu hunakili Documents na picha, wakaona wamemaliza. Funguo za .ssh na .gnupg (za kuingilia seva na kusimba ujumbe) zimebaki. Barua pepe za Thunderbird zimebaki ndani ya .thunderbird. Firefox iliyosakinishwa kwa snap huweka vitu vyake ndani ya ~/snap/firefox, na programu zilizosakinishwa kwa Flatpak ndani ya ~/.var/app. Hifadhidata za MySQL ziko /var/lib/mysql, nje kabisa ya /home. Kwenye Windows ni folda ya AppData, ambayo imefichwa. Na ukinakili .ssh kwenye flashi ya FAT32, ruhusa za mafaili zinapotea, ssh inaukataa ufunguo mpaka uandike chmod 600. Ni salama zaidi kufunga folda nzima kuwa faili moja kwa tar kwanza, ukikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili la kuanzia GB 4. Kwa laptopu zenye BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), hakikisha unao ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kabla ya kugusa hata mipangilio ya Secure Boot. Orodha ya programu nayo ihifadhiwe: apt-mark showmanual > paketi.txt kwa Debian na jamaa zake, winget export -o programu.json kwa Windows.

Wapo wanaotishwa kwamba kupiga mara kwa mara kutaiua SSD. Hilo si kweli na haifai kulitumia kuwatisha vijana. SSD yenye dhamana ya kuandikwa TB 300 ingehimili usakinishaji wa GB 20 mara 15,000. Flashi ya bei nafuu itakufa kwanza.

Kwa ambaye mkono unamwasha, na asione aibu, kwa sababu ubunifu mwingi umeanzia kwenye mkono wa namna hiyo, dawa ni kuuhamishia kwingine. Weka VirtualBox au GNOME Boxes (programu za kuendesha kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yako), hakikisha VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa wa kuiendesha) imewashwa kwenye BIOS, tenga diski ya GB 25, RAM ya GB 4 na kori 2. Piga picha ya hali (snapshot) kabla ya kila jaribio na urudi nyuma kadiri upendavyo. Kinachokosekana humo ni vyuma halisi: Wi-Fi, kadi ya michoro, kulala na kuamka. Kwa hayo tumia SSD ya pili, hata ya GB 120. Wakati wa kusakinisha kwenye hiyo ya pili chomoa ile kuu kabisa, kwa sababu kisakinishi cha Ubuntu, kwa mfano, kimejulikana kuweka bootloda kwenye patisheni ya EFI ya diski ya kwanza hata ukikielekeza kwingine. Siku utakapoitoa ile ya pili ndipo utajua.

Mashine ya kazi nayo iwe na Timeshift (programu ya kuurudisha mfumo nyuma). Kwa patisheni ya aina ya Btrfs inahitaji sabvolyumu (vigawanyo vya ndani) zilizoitwa @ na @home; kwa aina ya ext4 hutumia rsync, na nakala ya kwanza hula nafasi karibu sawa na mfumo wenyewe. Ijulikane kuwa kwa kawaida haigusi /home, kwa hiyo si mbadala wa kuhifadhi mafaili yako.

Ipo siku ya kupiga upya kwa haki. Kirusi kikipata mamlaka ya msimamizi, usikisafishe, futa kila kitu. Ukichanganya hazina za matoleo tofauti mpaka libc6 (maktaba ya msingi ambayo programu huitegemea) ikapanda, piga upya, kwa kuwa Debian haina njia rasmi ya kuishusha. Mashine inapouzwa. Mfumo ukifika mwisho wa masasisho, kama Windows 10 ilivyofika tarehe 14 Oktoba 2025, nayo mashine haikubali toleo linalofuata. Nje ya hapo, Ubuntu ya LTS (toleo la muda mrefu) ina miaka 5 ya masasisho ya kawaida na njia ya kupanda kwenda LTS inayofuata, na Arch imeundwa isakinishwe mara moja na kusasishwa mfululizo.

Nina ombi kwa mafundi wenzangu ambao jibu lao la kwanza kwa mteja ni "tupige Windows". Kabla ya kufomati, soma SMART, pima RAM, tazama joto, na uandike matokeo kwenye karatasi yenye tarehe. Namba 5, 197 na 199 ziwemo. Mpe mteja karatasi hiyo aondoke nayo. Akirudi miezi mitatu baadaye na malalamiko yaleyale, fundi yeyote atakayempokea atakuwa na cha kulinganisha.

Wako,
Fundi na msomaji wa gazeti hili